Fedha za ugaidi wa kibiolojia hazikai zikisubiri shambulio

Tangu mwaka 2002, baada ya barua zenye vimelea vya kimeta kuua watu 5 nchini Marekani, wengi wameamini kwamba fedha ambazo serikali kuu hutoa kwa ajili ya kujikinga na ugaidi wa kibiolojia hulala tu zikingoja shambulio jingine. Sivyo.

Fedha hizo, zinazotolewa na kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, hulipa mishahara ya wataalamu wa milipuko, huendesha maabara na kugharimia mazoezi ya kugawa dawa kwa umma, na watu haohao ndio walioitwa wakati wa homa ya H1N1 mwaka 2009. Aidha, kwa kawaida hupitia jimboni kabla ya kuifikia kaunti. Ni maeneo machache tu, kama Chicago na New York, yanayozipokea moja kwa moja.

Hatari halisi, kwa maoni yangu, ni kupunguzwa kwake: mwaka 2016 zaidi ya dola milioni 44 zilihamishwa kutoka mfuko huu kwenda kupambana na Zika, na mtaalamu aliyeachishwa kazi harudi kwa sababu tu mlipuko umeanza.