Insha ya kuomba chuo haidai msiba

Wanafunzi wengi wa kwetu wanaoomba vyuo vya Marekani huamini insha binafsi lazima isimulie msiba: kufiwa, njaa, kutembea kilomita 10 kwenda shule. Sivyo. Common App, fomu moja inayotumika kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina maswali 7 ya insha ambayo unachagua moja, na la mwisho linakuachia uchague mada yoyote. Nafasi yenyewe ni maneno 250 hadi 650, kwa hiyo maisha mazima hayaenei humo. Chukua jambo dogo unalolijua kwa undani: tuseme kumsaidia mama hesabu za genge, na jioni ile ulipogundua kwamba wateja wa kukopa ndio wanaomaliza mtaji, ukaanzisha daftari. Hapo msomaji anaona unavyofikiri. Na kama kweli umefiwa, andika ukipenda. Hakuna anayekudai machozi.