Madaraja manne ndani ya ute wa yai

Stima ilipotea maabara kwetu Ijumaa jioni, ikarudi Jumatatu. Vimeng'enya vyangu vya kuunganisha DNA, yaani protini zinazoharakisha kazi hiyo, vilikuwa vimekufa vyote. Nikatoa kichupa cha lisozaimu, kimeng'enya cha ute wa yai la kuku kinachopasua bakteria, nikakipima. Nilikoroga bakteria waliokaushwa wa jamii ya mikrokokasi, maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikadondosha tone moja. Dakika chache baadaye niliweza kusoma maandishi yaliyokuwa nyuma ya neli. Lisozaimu ilikuwa hai.

Ukuta wa bakteria ni wavu wa sukari mbili zinazopokezana, uliofungwa kwa vipande vifupi vya asidi amino, vijenzi vya protini. Lisozaimu hukata kiungo kati ya sukari hizo, wavu unalegea, maji yanaingia na seli inapasuka. Alexander Fleming aliiona kwanza kwenye kamasi, akaitangaza mwaka 1922. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake jijini London walionyesha umbo lake kwa eksirei. Hakuna kimeng'enya kilichokuwa kimewahi kuonekana hivyo kabla yake. Ni mnyororo wa asidi amino 129 uliojikunja ukawa mapande mawili, katikati korongo la kulaza sukari sita. Wakataji ni wawili, asidi ya glutamiki ya 35 na ya aspatiki ya 52.

Uimara wake unatokana kwa sehemu kubwa na madaraja manne ya salfa, yaani viungo vya atomi mbili za salfa vinavyoshika sehemu mbili za mnyororo pamoja. Wanafunzi wengi hudhani madaraja hayo hukaza umbo lililokunjika, kama kamba kwenye mzigo. Kazi yake kubwa iko upande wa pili: mnyororo uliofunguka ukiwa huru una namna nyingi mno za kukaa, na wingi huo ndio unaouvuta ufunguke. Ukiufunga sehemu nne, namna hizo zinapungua sana, na kufunguka hakuna faida tena. Kwenye asidi kidogo lisozaimu huvumilia hadi nyuzi 75 hivi za Selsiasi. Maji ya Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94, kwa sababu ya mwinuko wetu, kwa hiyo ndani ya mayai boilo ya pale stejini imefunguka na kunaswa na protini nyingine za ute. Ikiwa safi, peke yake kwenye asidi, ukiipoza sehemu kubwa hujikunja tena yenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni lile korongo. Virusi vya T4, vinavyoshambulia bakteria, vina lisozaimu yao ya asidi amino 164, haina daraja hata moja. Kundi la Brian Matthews kule Oregon, Marekani, lilibadilisha asidi amino za mahali pa kukatia. Baadhi ya mabadiliko yaliongeza uimara, lakini makali yakapungua au yakaisha kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi akinijia na mpango wa kuifanya lisozaimu istahimili joto zaidi, kwanza namwonyesha korongo kwenye kioo cha kompyuta, kisha namwambia aanzie mbali nalo.