Je, wajua? Kwa nini mke mhamiaji Marekani anaweza kujiombea makaratasi bila mume kujua

"Piga hiyo simu tuone nani atapandishwa ndege." Ni mume anayetisha. Mwanamke kapigwa, simu anayo mkononi, na 911, namba ya dharura ya huko, ni tarakimu tatu tu. Hapigi. Kwa nini?

Jibu liko kwenye makaratasi. Aliyeolewa na raia wa Marekani kwa kawaida hajiombei ukaazi mwenyewe. Raia ndiye anayejaza fomu I-130, na anaweza kuliondoa ombi hilo kabla halijakamilika. Mwaka 1986 kamba ilikazwa zaidi: Bunge la huko, likiwinda ndoa za kughushi, liliamua kwamba ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, mgeni apewe grini kadi (kadi ya ukaazi) ya masharti, na kabla haijaisha wanandoa waombe pamoja masharti yaondolewe. Watunga sheria waliwaza matapeli. Hawakumwaza mume wa ndoa halali kabisa ambaye angeigeuza sahihi yake kuwa fimbo.

Mwaka 1990 wenye kadi za masharti wanaoteswa waliruhusiwa kuomba bila sahihi ya mwenzao. Ambaye mume hakuwahi kumjazia fomu yoyote alibaki palepale, hadi 13 Septemba 1994, Rais Bill Clinton alipotia sahihi sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, maarufu kama VAWA. Kwa sheria hiyo, mke aliyeteswa na mume ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu hujaza fomu I-360 mwenyewe. (Mume anayeteswa na mkewe naye anaruhusiwa, ingawa jina la sheria halisemi hivyo.) Ripoti ya polisi si lazima: picha za majeraha, cheti cha daktari, barua ya jirani aliyesikia vilio, vyote hupokewa. Akiachika, ana miaka 2 ya kuomba.

Kinachonivutia mimi ni bahasha. Ombi likipokelewa, idara ya uhamiaji hutuma barua, na kwenye majengo mengi ya kupanga visanduku vya barua viko chini mlangoni, kila nyumba na ufunguo wake. Ufunguo anao nani? Ndiyo maana fomu ina nafasi ya kuandika anwani salama, iwe ya dada, ya kanisa au ya wakili. Tena tangu 1996 maofisa wamekatazwa kumnyima mtu haki kwa neno la mtesaji peke yake. Mume akipiga simu kuchongea, uchongezi wake hautoshi.

Na mhalifu akiwa si mume, au hana hata hiyo grini kadi? Ipo viza ya U, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hii inataka polisi au mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mwathirika anasaidia upelelezi. Hapo serikali inajisaidia pia, kwani mtu anayempiga mwoga wa polisi hakamatwi, na kesho atampiga mwingine. Tatizo ni kwamba hutolewa kwa waathirika 10,000 tu kwa mwaka, na foleni huhesabiwa kwa miaka.

Kwa anayetaka kujiombea, kazi huanzia kabatini: cheti cha ndoa kipigwe picha, na pasipoti ya mume ikipatikana. Picha zitumwe kwa mtu wa kuaminika, kisha zifutwe kwenye simu kabla mume hajarudi kutoka kazini.