Je, wajua kwa nini shela nyeupe pe hulifanya gauni la bibi harusi lionekane limechakaa?

Gauni peke yake mbele ya kioo ni jeupe. Shela peke yake juu ya meza ya muuzaji ni nyeupe. Vikutanishe juani uone: gauni linageuka rangi ya maziwa yaliyolala, na shela inatoa ubuluu kama shuka lililozidishiwa buluu ya kufulia. Hakuna aliyechafua kitu, wala fundi hakuuziwa kitambaa kibovu. (Kwa shela tunakusudia kitambaa cha kichwani, ambacho wengi hapa Mombasa hukiita veli. Ndugu zetu wa Tanzania husema shela hata kwa gauni lenyewe.)

Sababu ya kwanza imo kwenye uzi. Hariri ya asili ina umanjano mdogo. Nailoni na polyesta, ambazo ndizo neti nyingi za shela, mara nyingi hutiwa kiwandani dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo humeza miale ya urujuanimno ya jua, ambayo macho hayaioni, kisha huitoa tena ikiwa mwanga wa buluu. Jicho likikuta buluu kidogo juu ya cheupe, huona weupe umezidi, na kilicho kando yake huonekana cha manjano.

Taa za kawaida za LED dukani hazina urujuanimno wa kutosha kuiamsha dawa hiyo. Ndiyo maana neti na satini zilizofanana ndani ya duka la Biashara Street huachana zikifika Mama Ngina, kando ya bahari, saa nne asubuhi kupigwa picha. Usiku ukumbini, taa za zambarau za dansi huifanya shela yenye dawa iwake, na gauni la hariri libaki limefifia chini yake.

Basi usinunue shela kwa kukumbuka tu rangi ya gauni. Mwombe fundi kipande cha kitambaa chenyewe, upana wa kiganja, kutoka kwenye masalio ya upindo. Toka nacho nje ya duka pamoja na neti, mpaka kwenye mwanga wa wazi. Usisimame chini ya turubai la rangi, maana turubai la buluu hupaka kila kitu buluu.

Hapo tena wengi hukosea kwa kulinganisha kipande na jora. Kwenye jora neti imelaliana tabaka nyingi na rangi imejazana. Lakini neti sehemu yake kubwa ni matundu, na likivaliwa tabaka moja unaona kilicho nyuma yake kimechanganyika na uzi. Juu ya nywele nyeusi huwa kijivu chepesi, begani huchukua rangi ya ngozi, na juu ya gauni hupauka. Tandaza tabaka moja tu juu ya kipande chako. Ikiwa gauni ni la rangi ya maziwa au pembe ya ndovu na umekwama kati ya neti mbili, chukua iliyokoza zaidi, kwa kuwa ikivaliwa itapungua. Neti nyeupe pe iachie gauni jeupe pe la polyesta.

Bibi harusi wa hijabu ana hesabu yake. Nyuma ya neti hakuna nywele nyeusi, kuna kitambaa, hivyo shela huonekana nyeupe zaidi kichwani kuliko mabegani. Hijabu ifuate rangi ya gauni, isifuate ya shela. Kichana cha kushikilia shela nacho hakina cha kushika pale. Ukiibana shela kwenye hijabu ya juu, uzito wake huivuta nyuma kidogo kidogo, na shingoni panaanza kulegea kabla hata wageni hawajakaa. Ishonewe kwenye kofia ya pamba ya ndani, au ibanwe humo kwa pini nne zinazopenya hijabu mpaka kwenye kofia. Kwa nywele laini zinazoteleza, sukia mistari miwili midogo chini ya mtindo ili meno ya kichana yapate pa kuuma.

Urefu huamuliwa na mahali ukingo unapokomea. Jicho hufuata mstari, na ukingo wa shela ni mstari unaokata mwili kwa mlalo. Ukikomea kwenye mshono wa kiuno au pale nyonga zinapopanuka zaidi, unaongeza upana hapo hapo. Ushushe au upandishe angalau sentimita 10. Pima kwa futi ya kushonea kutoka pale kichana kitakapokaa, bibi harusi akiwa amevaa viatu vya siku yenyewe: kwenye kiwiko ni takriban sentimita 75 hadi 80, kwenye ncha za vidole kati ya 95 na 105. Ya kuburura hufika mita 2.3 hadi 3, na ipite mkia wa gauni kwa sentimita 15 hadi 30. Ikiwa fupi kuliko mkia, huonekana kama kitambaa kilipunguka. Kifunika uso huongeza kama sentimita 75, kwa hiyo shela ya mita 2.3 yenye kifunika uso inunuliwe kama mita 3.05.

Gauni lililojaa lesi au shanga lipewe neti tupu, ukingo wake ukatwe tu bila kushonwa. Neti haifumuki, kwa kuwa nyuzi zake zimefungamana kuzunguka kila tundu. Utepe wa satini ukingoni unafaa gauni la satini lisilo na mapambo, lakini hauna huruma: popote unapopita, macho hupita nao. Na kama mgongo wa gauni una vifungo vya lulu kutoka shingoni hadi kiunoni, tabaka mbili za neti zitavizika. Weka moja.

Harusi za Agosti hukutana na kusi. Kando ya bahari, shela ya mita 3 hushika upepo kama tanga na kukivuta kichwa nyuma. Lulu ndogo zikishonewa ukingoni, kila baada ya sentimita 20 hivi, huituliza bila kuonekana.

Mikunjo ya jora usiiondoe kwa pasi ya moto, kwani nailoni huyeyuka na tundu hutokea kabla mkono haujainuka. Itundike bafuni karibu na ndoo ya maji yanayotoa mvuke, au tumia pasi ya moto wa chini kabisa juu ya leso ya pamba. Shela ya kuazima iliyogeuka manjano usiitie dawa ya klorini, maana nailoni huzidi umanjano. Vilevile udi ufukizwe kwenye gauni na nywele kwanza, chetezo kiondolewe, ndipo shela ivalishwe. Cheche moja ya kaa huitoboa, na mafuta ya uturi yakidondokea neti huacha doa ambalo picha zote za mgongoni zitalionyesha.