Nevermind haikurekodiwa kwa mkupuo mmoja

Kuna hadithi imeshanichosha: eti Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa vijana watatu wasiojua kupiga, wakachomeka magita, wakafungulia ampu hadi mwisho, wakapiga mara moja na dunia nzima ikapagawa. Bendi changa zinaingia studio zikitaka sauti ya Nevermind, albamu yao ya 1991, na zimebeba imani hiyo. Zinatoka na kelele isiyo na uzito, halafu lawama anatupiwa fundi na maikrofoni zake.

Rekodi inayokaribia hadithi hiyo ipo, ila ni Bleach, albamu yao ya kwanza, ya 1989. Ilirekodiwa na Jack Endino katika studio ya Reciprocal, Seattle, kwa dola 606.17, muda wa saa 30 hivi. Weka Bleach, kisha weka Nevermind, usikilize viitikio tu. Ya kwanza ni bendi ndani ya chumba. Ya pili ni ukuta, na ukuta hujengwa tofali kwa tofali.

Katikati hapo kuna safari ambayo watu huiruka. Aprili 1990 walikwenda Smart Studios, Madison, Wisconsin, kwa mtayarishaji Butch Vig, mpiga ngoma akiwa bado Chad Channing. Wimbo wa Polly uliomo Nevermind ni huo huo wa Madison; matoazi unayoyasikia humo ni ya Channing. Dave Grohl aliingia Septemba kupiga ngoma badala yake. Kwenye In Bloom alikuta mapigo yameshatungwa na Channing, na Grohl mwenyewe amekuwa muungwana kulisema hilo. Yeye alileta nguvu na uthabiti, mambo mawili ambayo kwenye kurekodi yana thamani kuliko madoido.

Mei 1991 wakawa Sound City, Van Nuys, Los Angeles, tena na Vig. Hapa nitakubali jambo moja: msingi wa Smells Like Teen Spirit walipiga wote pamoja, mara tatu, wakachagua ya pili. Wanaosema "walipiga laivu" hawajakosea. Wamekosea kuishia hapo. Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa akichelewa kidogo kila anapokanyaga pedali ya kubadili sauti ya gitaa kutoka sehemu ya upole kwenda ya kishindo, na makosa hayo yalisahihishwa baadaye. Kwa hiyo ukiwa na gitaa la namna hii, usimlazimishe mpigaji kucheza ngoma ya miguu. Rekodi beti kwenye traki moja na kiitikio kwenye nyingine, kila moja na pedali yake ikiwa tayari imewashwa.

Kisha kuna kurudufu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Vig alitaka magita na sauti ya Cobain virekodiwe zaidi ya mara moja na kuwekwa juu ya vingine. Cobain aliona ni udanganyifu. Vig akamkumbusha kwamba John Lennon alifanya hivyo hivyo, akakubali. Cobain alipochoka kurudia, Vig alimwambia mara iliyopita ilikuwa na kasoro, ili apate ya kuongezea.

Kurudufu maana yake ni kupiga tena, kutoka mwanzo, kwa mikono. Kunakili si kurudufu. Ukichukua traki ya gitaa, ukainakili, ukaweka moja kushoto na nyingine kulia, hujapata magita mawili; umepata gitaa lile lile, limeongezeka sauti na limebaki katikati. Ukiona halijatanuka ukaisogeza nakala milisekunde 15, kwenye hedifoni utafurahi. Wimbo ukichezwa kwenye simu yenye spika moja, traki hizo mbili zinajumlishwa, masafa fulani yanafutana, na gitaa linasikika kama limetiwa ndani ya bomba. Mkono wa binadamu haurudii kitu sawasawa mara mbili. Tofauti ndogo kati ya mpigo wa kwanza na wa pili, zinazobadilika kila noti, ndizo sikio linazozisoma kama upana. Hakuna kitufe cha kuzitengeneza.

Ukishapiga mara mbili, punguza mkwaruzo, yaani ule ukali wa sauti unaotiwa na pedali au ampu. Kiwango kinachopendeza gitaa likiwa peke yake huwa ni kingi mno yakiwa mawili. Shusha hadi theluthi mbili, pengine nusu. Mkwaruzo mwingi unakula mwanzo wa noti, yaani pale ukucha au piki inapogusa waya, na bila huo mwanzo ukuta wako unageuka uji. Tyuni upya kabla ya kila traki. Gitaa moja likiwa limepotoka kidogo utalisamehe, lakini mawili yaliyopotoka tofauti, yakipitia mkwaruzo, yanapigana wimbo mzima.

Kishindo chenyewe kinatokana na upole uliotangulia. Kwenye beti za Teen Spirit gitaa linagusa noti mbili tu na kunyamaza. Besi ya Krist Novoselic na ngoma ndizo zinazobeba wimbo. Cobain hakuficha kwamba mbinu hiyo aliichota kwa Pixies, bendi ya Boston. Bendi inayopiga kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza haina pa kupandia, hata ukiileta kwenye studio ghali kuliko zote.

Jambo moja linanisumbua hadi leo. Andy Wallace, aliyefanya miksi ya Nevermind, yaani kuchanganya traki zote kuwa wimbo mmoja, aliongezea ngoma sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa kando, za kuipa nafasi na mwangwi, akaisafisha albamu nzima. Ilitoka 24 Septemba 1991, ikaingia chati ya Billboard kwenye nafasi ya 144, na Januari 1992 ikakaa ya kwanza, mahali alipokuwa Michael Jackson na Dangerous. Cobain baadaye aliilalamikia miksi hiyo, kwamba imeng'arishwa kupita kiasi. Nikisikiliza ngoma za Grohl siku nyingine naona anasema kweli. Siku nyingine naona bila Wallace zile ngoma zisingepenya spika ndogo za redio. Sijaweza kuegemea upande mmoja, na simwamini sana fundi anayeegemea upesi.

In Utero, albamu yao ya 1993, ndiyo ilirekodiwa kwa namna ambayo watu huihusisha na Nevermind: fundi Steve Albini, studio ya Pachyderm, Cannon Falls, Minnesota, bendi ikipiga pamoja, kazi ikaisha ndani ya wiki mbili. Iliwezekana kwa sababu waliingia wakiwa wamefanya mazoezi na nyimbo nyingi zimekamilika. Hata hivyo, nyimbo zake mbili, Heart-Shaped Box na All Apologies, zilipelekwa kwa mtayarishaji Scott Litt zikafanyiwa miksi upya kabla ya kutoka.

Na kama bado unadhani uzembe unaosikika ni uzembe kweli, sikiliza Something in the Way, wimbo uliomo Nevermind. Walijaribu kuipiga kama bendi, haikukaa. Cobain akaingia chumba cha mikisa, akalala kwenye kochi, akaipiga kwa kunong'ona na gitaa kuukuu lenye nyaya tano, ambalo lilikuwa halijatyuniwa. Vig akazima feni na simu ili maikrofoni zimsikie. Gitaa na sauti vikarekodiwa namna hiyo, bila klik ya kushikilia mwendo. Ngoma na besi zikaja baadaye: Grohl akipiga kwa upole asiouzoea, akifuata mwendo wa mtu aliyelala, na Novoselic akiishusha besi yake hadi ilingane na gitaa lililopotoka. Alipokuja Kirk Canning na selo, naye akalazimika kuipotosha ala yake vivyo hivyo.