Je, wajua? Kwanini visanamu vya anime vya kwenye mashine za zawadi Japani ni bei chee na bado ni orijino

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawaambia watu, tena kwa uhakika kabisa, kwamba kisanamu cha Goku, yule shujaa wa anime (katuni ya Kijapani) ya Dragon Ball, cha yen 1,500 hakiwezi kuwa orijino. Hesabu niliyokuwa napiga ni hii: kama kuna Goku wa yen 20,000 na kuna Goku mwingine karibu kimo kile kile anauzwa yen 1,500 kwenye duka la mitumba pale Akihabara, mtaa wa Tokyo unaojulikana kwa vitu vya anime, basi huyu wa pili katoka kiwanda cha uchochoroni. Mshkaji wangu mmoja alinionyesha wake akiwa na furaha zake zote, nikamwambia umepigwa. Nilikosea kabisa, na kosa lenyewe bado naliona kila siku kwenye magrupu ya wapenzi wa anime, mtu anaweka picha ya kisanamu chake kipya, anataja bei, na wa kwanza kujibu anaandika "feki hiyo".

Kile kisanamu kilikuwa orijino. Kilitengenezwa kama zawadi ya kwenye zile mashine zenye mkono wa chuma unaoshuka kunasa kitu, na kundi hili lina jina lake kabisa Japani, wanaita puraizu, yaani zawadi. Wanaotengeneza sio watu wa kujificha, ni Banpresto (jina ambalo siku hizi liko chini ya Bandai Spirits), Sega, Taito, FuRyu. Wanapata leseni kwa wenye katuni sawa sawa na wanavyopata wale wa visanamu vya bei mbaya. Kwahiyo orijino inaamuliwa na leseni, bei haiingii hapo, na hili nalirudia kwa sababu ndo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuelewa: uchee wa bei haukuambii chochote kuhusu uhalali wa kitu. Unakuambia kitu kilitengenezwa kwa ajili ya wapi.

Sasa kwanini kitengenezwe kwa bei hiyo? Kwa sababu ya sheria. Sega walitoa mashine yao ya kunasa zawadi, UFO Catcher, mwaka 1985, na kipindi hicho hicho majumba ya gemu ya Japani yakaingizwa chini ya sheria ya biashara za starehe, sheria ambayo kimsingi inakataza jumba la gemu kumpa mtu zawadi kutokana na matokeo ya mchezo, maana hapo unakaribia kamari. Mashine za kunasa zikaachiwa mlango mdogo kupitia mwongozo wa polisi: zawadi iwe kitu cha thamani ndogo. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa takriban yen 800 kwa bei ya rejareja, na mwaka 2022 kikapandishwa kuwa takriban yen 1,000, yaani kama dola 6 au 7 hivi. Aisee fikiria, umbo la kisanamu unachokiona kwenye kabati la mtu Berlin au Nairobi limepangwa na kikomo cha polisi wa Tokyo.

Kwahiyo kiwanda kinapewa mtihani: mtengeneze Goku anayependeza, wa sentimita 20 hivi, ndani ya kikomo hicho. Wanafaulu vipi?

Chukua mfano wa Coaster. Mmekodi gari kwenda harusini Morogoro, laki tatu kwenda na kurudi. Mkiwa kumi kila mtu anatoa elfu thelathini, mkiwa thelathini kila mtu elfu kumi, na dereva wala hajali, mafuta ni yale yale. Kalibu ya kisanamu ndo Coaster yenyewe. Ni chuma kinachochongwa kwa umakini mkubwa, plastiki ya moto inasukumwa ndani, ikipoa unapata mkono, unapata nywele, unapata kiatu. Gharama ya kuchonga kile chuma inalipwa kabla hata kisanamu cha kwanza hakijatoka, na haibadiliki ukitoa vichache au ukijaza makontena. Kisanamu cha yen 20,000 kinatolewa kwa wachache walioweka oda, abiria wachache, nauli kubwa. Cha zawadi kinaagizwa kwa makatoni na majumba ya gemu nchi nzima, gari limejaa mpaka mlangoni, nauli inashuka.

Ila sio gharama zote zinagawanyika hivyo. Rangi ni kama hina. Mchora hina akimaliza mikono ya bi harusi mmoja hajapunguza hata dakika moja ya kazi kwa bi harusi wa pili, anaanza upya. Kila kisanamu lazima kipakwe kivyake, na kila kivuli kwenye mkunjo wa nguo ni mkono wa mtu tena, kwahiyo hata utoe vingi vipi gharama hii inakufuata. Ndo maana wenye puraizu wanabana hapo hapo: nywele zinatolewa kwenye plastiki ambayo tayari ni ya njano, hazipakwi juu, vivuli vinapunguzwa, mstari wa kuunganisha vipande unaachwa uonekane mgongoni, kibao cha kukisimamishia kinakuwa cha plastiki tupu. Macho hayaguswi kwa brashi, yanapigwa kama muhuri, pedi laini ya silikoni inachukua wino kwenye bamba na kuubandika usoni. Kwa maoni yangu uso ndo sehemu puraizu za sasa zinapopendeza kuliko zote, muhuri ukikaa sawa huwezi kutofautisha kwa mbali na kile cha bei mbaya. Ukigeuza mgongo unatofautisha fasta.

Lakini ule yen 1,000 ni thamani ya zawadi, sio pesa utakayotumia kuipata. Mara ya kawaida ya kucheza ni yen 100. Boksi la kisanamu mara nyingi linawekwa juu ya fimbo mbili, mpangilio wanaouita hashi-watashi, kuvuka daraja, na hapo mkono wa mashine haulibebi boksi kabisa, unalisogeza tu kidogo kidogo, kona hii, kona ile, mpaka litumbukie katikati. Ukikwama unaruhusiwa kumuita mhudumu akakuwekea boksi vizuri zaidi, ni jambo la kawaida kule wala sio aibu. Mtu anaweza kumaliza yen 3,000 kwa kisanamu kimoja, na mtaa wa pili kipo kwenye duka la mitumba kwa nusu ya hiyo, boksi halijafunguliwa! Maana wengi wanacheza kwa raha ya kunasa, wenye mkono mzuri wananasa vitano vya aina moja halafu wanaviuza, maduka yanajaa, bei inaanguka. Ndo hapo ilipotoka ile yen 1,500 iliyonichanganya mimi.

Feki zipo kweli, na hapa ndo inabidi kuwa makini kwa sababu wanaoghushi wanaghushi hata puraizu. Kwa Dragon Ball na One Piece tafuta stika ya Toei Animation (studio iliyotengeneza anime hizo) kwenye boksi, soma mstari wa haki za wenye katuni na jina la mtengenezaji, kisha angalia uso: macho yaliyopotoka, plastiki inayong'aa kama ina mafuta, harufu kali ukifungua. Ila usihukumu kwa stika peke yake, maana Banpresto wanauza pia Ulaya na Marekani kama bidhaa ya kawaida ya dukani, na boksi la huko linaweza kuwa na stika tofauti na la Japani.

Na kama unataka moja ya kuanzia, mimi ningesema Noodle Stopper za FuRyu. Hivi ni visanamu vilivyokaa kitako, na vimetengenezwa vikae juu ya kifuniko cha tambi za kikombe, ukishamwaga maji ya moto unamkalisha mhusika wako pale juu, anashikilia kifuniko kisifunguke mpaka tambi ziive. Leseni kamili, uso umepigwa vizuri, kalibu ya chuma, yote hayo kwa ajili ya dakika tatu za kusubiri tambi. Yule mshkaji nilishamuomba msamaha, na cha kwanza nilichomnunulia kilikuwa hicho.