Joto na halijoto: tofauti inayoonekana kwenye sufuria

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno "joto" na "halijoto" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, lakini katika fizikia ni dhana mbili, na mwanafunzi asiyezitenganisha mapema hutatizwa na hesabu nyingi zinazofuata. Halijoto huonyesha ukali wa mtikisiko wa chembe za kitu kwa wastani, nayo husomwa kwa nyuzi kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye chenye halijoto ya chini, nayo hupimwa kwa jouli. Cheche inayoruka kutoka kwenye jiko la mkaa ina halijoto kubwa kuliko maji yanayochemka, ila kwa udogo wake hubeba joto haba: ikitua mkononi huchoma kidogo ikazimika, ilhali kikombe cha maji hayo hubabua ngozi.

Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, umo kwenye sufuria ya maharage. Kila kilo ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo kupasha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 hudai takribani jouli 315,000. Yakishatokota, kipimajoto hugota kwenye 100, kwa mtu aliye usawa wa bahari, na hata ukiongeza mkaa na kupepea, hakisogei. Joto linaendelea kuingia, lakini sasa linatumika kuzibandua molekuli za maji zilizoshikamana ili ziondoke kama mvuke. Kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke huhitaji takribani jouli 2,260,000, zaidi ya mara saba ya zile zilizoichemsha. Hilo ndilo joto fiche, lililochunguzwa na kupimwa katika karne ya 18 na Joseph Black, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti.

Ndiyo maana kuchochea moto chini ya maharage yanayotokota hakuyaivishi upesi: halijoto ya maji haipandi, kinachoongezeka ni mvuke na kinachoteketea ni mkaa. Moto mdogo unaotosha kuyaweka maji yakitokota, sufuria ikiwa imefunikwa, huivisha kwa muda ule ule. Tahadhari tu unapofunua, kwani mvuke huunguza vibaya kuliko maji yenye halijoto ile ile. Mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji tena, na joto fiche lote uliolibeba huishia mkononi.